Pikipiki ya umeme na baridi ya Tabora: anayeumia ni wewe, si betri

Kila ikifika Juni, vijana wa kijiweni kwetu Isevya wananiuliza swali lile lile: eti pikipiki za umeme zinakufa na baridi? Wameona video. Jamaa yuko Norwei, theluji inamfika magotini, anaonyesha jinsi pikipiki yake ilivyopungua mwendo, kisha anashauri betri ing'olewe ikalale ndani na watu. Mimi video hiyo siibishii. Ila yule anaongelea baridi ya kwao, na mtu akiuchukua ushauri wake mzimamzima akauleta huku, atajisumbua bure na huenda akaunguza nyumba.

Nauza maziwa. Nayafuata upande wa Kwihara na kuyafikisha mjini kabla wenye migahawa hawajainjika chai, kwa hiyo niko barabarani saa ile ambayo baridi imekomaa. Kwetu huku magharibi jua linachelewa. Mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza. Pikipiki yangu inatumia betri kavu za asidi, sita za volti 12, zimeungwa kupata volti 72. Mdogo wangu ana ya lithiamu. Mambo mengi ninayoandika hapa yametokana na kulinganisha hizo mbili.

Tuanze na huyo wa Norwei. Betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa imepoa chini ya nyuzi 0. Ukiichaji katika hali hiyo, lithiamu inashindwa kupenya ndani ya kaboni ya betri, inatanda juu yake ikawa metali, na uharibifu huo haurudi nyuma. Ndiyo maana betri nzuri zina saketi ya ulinzi inayokataa kabisa kupokea chaji kwenye barafu, na ndiyo maana yule jamaa anaibeba yake ndani. Ana haki. Hata mtu wa Kitulo kule Makete, ambako umande huganda Juni na Julai, afikirie jambo hilo. Tabora alfajiri ya kipupwe ni nyuzi 14 au 15, na mchana inapanda mpaka 28. Sifuri tunaisikia redioni tu.

Kwamba baridi yetu haina athari kabisa, hapana, ipo. Kemikali za ndani zinafanya kazi polepole, umeme unapita kwa shida zaidi ndani ya betri, na ukivuta akseleta volti zinashuka haraka kuliko kawaida. Kwa betri za asidi, hesabu ya mafundi ni kwamba kila nyuzi moja chini ya 25 inakula kama asilimia moja ya uwezo. Kwa hiyo pikipiki inayokupa kilomita 50 mchana itakupa kama 45 alfajiri. Ya lithiamu, kwa baridi ya nyuzi 15, inapungua kidogo sana. Mdogo wangu hata haoni tofauti, na hachoki kunikumbusha.

Ikiwa yako imeshuka kutoka 50 hadi 25, basi acha kusingizia baridi. Hapo kuna betri imechoka, na kipupwe kimeifichua tu.

Nilieleza haya kijiweni mwaka jana, kijana mmoja akanifuata pembeni. Shikamoo mama. Marahaba, vipi? Akasema pikipiki yake asubuhi ikibeba abiria mmoja mnene inakata moto kwenye kile kimwinuko kidogo tu, lakini ikifika saa sita mchana inakimbia vizuri kabisa. Fundi alikuwa amemwambia anunue betri zote sita, na juu yake kontrola, kile kiboksi kinachopimia mota umeme wa betri. Hela ya hivyo vitu mnaijua.

Dalili aliyoisema, ya kufa asubuhi na kufufuka mchana, ndiyo hasa dalili ya betri moja iliyochoka ndani ya sita. Zimeungwa kwa mfululizo, umeme wote lazima upite ndani ya kila moja, na mwendo wa kundi ni mwendo wa ng'ombe anayechechemea. Kontrola haijui nani anachechemea, inaangalia jumla. Kwa pikipiki ya volti 72, jumla ikikaribia 63 inakata ili kulinda betri. Mchana ile dhaifu ina joto, inajikongoja. Asubuhi ikivutwa inaanguka ghafla na kuzishusha zote.

Kupima hakuhitaji utaalamu. Tafuta mita ya kupimia volti, ile ya kawaida ya mafundi redio. Usipime pikipiki ikiwa imetoka kwenye chaji, maana zote sita zitakudanganya, zitasoma karibu sawa. Iendeshe kwanza mpaka kishale cha chaji kishuke chini ya nusu, ukifika tu fungua kiti, usisubiri zipumzike, pima betri moja moja kwenye vichwa vyake. Kwa yule kijana tano zilisoma 12.2 na 12.3, ya sita, ile ya kona ya nyuma ambayo waya wake ni mgumu kufikika, ikasoma 11.3. Tulipoitazama vizuri, hata ubavu wake ulikuwa umetuna.

Hapa kuna mtego. Ukinunua mpya kabisa ukaichanganya na tano kuukuu, ile mpya haitafaidi; kila siku itapokea chaji isiyo yake. Ni afadhali upate iliyotumika ya umri unaolingana, ya ukubwa ule ule, na uipime kwanza namna hiyo hiyo. Kama zote zina miaka yake, basi fundi alikuwa sahihi kuhusu betri sita. Kontrola ilikuwa ya kumkamua tu.

Sasa kuchaji. Chaja nyingi tulizonazo hazina kihisi cha joto. Zimepangwa kwa betri yenye nyuzi kama 25. Betri ya asidi ikiwa ya baridi inahitaji volti kidogo zaidi ili ijae, na chaja haijui hilo, inawasha taa ya kijani mapema. Kwa hiyo anayechaji usiku wa Julai asikimbilie kuchomoa akiona kijani, aiache kwa muda wa kama saa mbili zaidi. Mimi nachaji mchana. Nikirudi saa tatu asubuhi nachomeka, jua likipanda betri inapata joto lake la asili na inajaa vizuri. Bodaboda najua hawezi, mchana ndiyo hela yake. Ila kwa mwenye nafasi ni njia bora kuliko zote, na ina faida nyingine: betri ya asidi inachukia kulala tupu, hata siku moja.

Mambo mawili nakataza kabisa. Kufunika betri blanketi wakati inachaji, na kuisogeza karibu na jiko la mkaa ili ipate joto. Zote mbili nimeziona kwa macho yangu. Chaja yenyewe inatoa joto, betri inatoa joto, na betri za asidi, hata hizo kavu, zinaweza kuvuja hewa ya haidrojeni, inayoshika moto upesi, zikizidishiwa chaji. Haidrojeni na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya baridi, jaza mwenyewe. Chajia mahali penye hewa, na si chumba cha kulala.

Betri imetosha, tuje kwa dereva, maana huyu ndiye anayeumia kweli. Mwenye pikipiki ya mafuta akisimama anainama, anapasha viganja kwenye injini, na muda wote miguu yake inapata fukuto. Wewe wa umeme huna kitu. Mota iko kwenye ringi ya nyuma, na upepo wa alfajiri unakupiga mfululizo. Vidole vinakufa ganzi kabla hujavuka reli. Na pikipiki nyingi za umeme breki zote mbili ziko mikononi. Ukiwa kwenye kilomita 40 kwa saa unakata karibu mita 11 kila sekunde. Vidole vikichelewa nusu sekunde umeshakula mita 5 na zaidi, na mtoto wa shule anayevuka hana hizo mita 5 za kukupa.

Nunua glovu kabla ya koti. Za mtumba zipo sokoni, tafuta za ngozi au zenye kitambaa kisichopitisha upepo, na uzijaribu kwa kubana breki, si kwa kuangalia uzuri. Za sufu zile za kufuma upepo unapita kama hazipo. Koti, lile la kuvaa mbele nyuma kama wanavyofanya bodaboda linafaa sana, nisiwadanganye kwamba kuna lingine bora. Zipu ikiwa mgongoni upepo hauna pa kuingilia.

Kuna wanaozima taa ili kubana chaji. Jamani. Taa ya LED inakula wati kumi na kitu, mota ikiwa kwenye mwendo inakula elfu moja na zaidi. Hutaongeza hata kilomita moja ya maana. Na kumbuka pikipiki yetu haina sauti: asubuhi hiyo akina mama wanaokwenda sokoni wamejifunika kanga mpaka masikioni, hawakuoni na hawakusikii. Washa taa, piga honi ukiwa mbali, si ukiwa mgongoni kwake.

Tairi pia. Upepo uliojazwa saa nane mchana, alfajiri unakuwa umepungua kama psi 2 kwa ajili ya ubaridi tu, na tairi laini inakula chaji. Jaza asubuhi.

Mwezi ambao mimi naogopea betri zangu ni Oktoba, si Julai. Joto ndilo linaloziua: betri za asidi zikikaa kwenye nyuzi 35 badala ya 25, umri wake unapungua karibu nusu. Na chaja ile ile iliyokuwa inajaza pungufu kwenye baridi, sasa inazidisha, betri zinakauka na kuvimba. Ukiegesha, tafuta mwembe. Tabora hatuna shida ya miembe. Yule kijana betri yake ya kona niliyowaambia ilivimba kwenye joto, ikaja kujulikana kwenye baridi.

Kwa hiyo kama unataka kununua pikipiki ya umeme iliyotumika, inunue sasa, kipupwe hakijaisha. Muuzaji atakuambia njoo saa nane mchana uijaribu. Mwambie utakuja saa kumi na mbili asubuhi, na utakuja na mtu wa kukaa nyuma.