Kuchagua Gari Dogo la Kasi la Mtumba kwa Matumizi ya Kila Siku

Mtu anayetaka Volkswagen Golf GTI au Suzuki Swift Sport ya mtumba ili aende nayo kazini kila siku, tuseme kati ya Mbezi na Posta jijini Dar es Salaam, namshauri aipime kwanza katika mwendo wa foleni, kwa sababu huko ndiko gari litakakoshinda na ndiko maradhi yake ya gharama hujitokeza.

Golf GTI ya kizazi cha tano, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004, ina injini ya lita 2.0 yenye turbo na nguvu za farasi 200. Pampu yake ya petroli ya shinikizo kubwa husukumwa na kamshafti (mhimili unaofungua vali za injini) kupitia kikombe kidogo cha chuma kinacholika taratibu, na kikitoboka huiharibu kamshafti yenyewe. Fundi akiitoa pampu hiyo atakiona, kwa hiyo usikubali kununua kabla hajakitazama. Katika kizazi cha sita, hasa magari ya miaka ya mwanzo, tatizo ni kikaza cheni, yaani kifaa kinachoikaza cheni ya ndani ya injini. Dalili yake ni mkwaruzo unaosikika sekunde chache za kwanza injini inapowashwa ikiwa baridi. Ndiyo maana humwomba muuzaji asiliwashe gari kabla sijafika, na nikifika huanza kwa kuweka kiganja juu ya boneti.

Giaboksi ya DSG, yaani otomatiki ya Volkswagen, ya gia 6 iliyomo katika GTI hizi ina klachi mbili zinazofanya kazi ndani ya oili, na oili hiyo pamoja na filta yake hubadilishwa kila kilomita 60,000. Muuzaji asipokuwa na risiti ya kazi hiyo, hesabu kwamba haijafanyika na uombe bei ipunguzwe. Kisha endesha ukiwa foleni: achia breki kidogo kidogo bila kukanyaga mafuta, gari litambae, lisimame, litambae tena, hadi giaboksi ipate joto hasa. Likitetemeka au likiruka mbele ghafla, achana nalo, hata kama rangi inang'aa na viti ni vya ngozi.

Swift Sport iliyotoka mwaka 2017 ina injini ya lita 1.4 yenye turbo na farasi 140, lakini kwa kuwa uzito wake haufiki tani moja, mjini huoni upungufu wowote. Otomatiki yake ya gia 6 ni ya kawaida, haina klachi mbili, na hustahimili foleni vizuri zaidi. Buti lake ni dogo, na mwenye familia atalihisi hilo mapema. Hata hivyo, kama fedha zako zinaishia kwenye bei ya kununulia, mimi ningekuchagulia hiyo.

Gari likitoka Japani, omba karatasi ya mnada, yaani ripoti ya hali ya gari lilipouzwa mnadani. Alama ya R humaanisha lilishagongwa na kutengenezwa. Kodi ya kuliingiza gari nchini ipige mwenyewe kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), maana umri wa gari unaweza kuiongeza. Mwisho, linyanyue kwa jeki na uzungushe kila gurudumu ukitazama ukingo wa ndani wa rimu: tairi zenye ukuta mfupi za inchi 17 au 18 haziikingi rimu vya kutosha dhidi ya mashimo ya msimu wa mvua, na rimu iliyopinda kwa ndani haionekani ukiwa umesimama wima.