Mwaka wa Ukazi Huanza Siku Jina Lako Linapoingia Kwenye Karatasi

Nilihama New Jersey kwenda Texas mwezi Agosti, nikiwa na masanduku mawili na grini kadi ambayo haijatimiza hata mwaka. Pango lilikuwa linanimaliza, na nilitaka kusomea uuguzi kwenye chuo kikuu cha umma bila kubeba mkopo wa kuzeeka nao. Mtoto wa mama mdogo, anayeishi Houston, akaniambia: njoo ukae mwaka mmoja, utalipa ada ya wakazi. Alisema kweli. Katika vyuo vikuu vya umma vya Marekani, anayetoka jimbo jingine anaweza kulipa mara mbili, hata mara tatu ya mwenyeji, na wote wamekaa darasa moja. Ila mimi na yeye hatukujua huo mwaka unahesabiwaje.

Agosti iliyofuata nikaenda ofisi ya usajili na barua yangu ya kudahiliwa. Mama aliyenihudumia alikuwa mpole. Akasoma barua ya mwajiri wangu, akaweka kidole kwenye tarehe niliyoanza kazi, Novemba, halafu akahesabu miezi kwenye kalenda ya mezani. Tisa. Nikamwambia nilifika tangu Agosti. Akauliza, una karatasi gani ya kuonyesha?

Sikuwa nayo hata moja. Miezi mitatu ya mwanzo nililala sebuleni kwa ndugu yangu. Mkataba wa nyumba una jina lake, bili ya umeme ina jina lake, na mimi nilikuwa nikilea watoto wa jirani kwa malipo ya taslimu. Kwa chuo, miezi ile sikuwapo Texas. Nilipe ada ya mgeni au nisubiri muhula wa Januari. Nikasubiri. Usiku ule nilikaa kwenye gari nje ya nyumba ya wazee ninapofanya kazi, nikalia mpaka dakika ya kuingia shifti.

Ndiyo maana naandika. Ukifika jimbo jipya, wiki ya kwanza hangaikia karatasi kabla ya fanicha. Kama unakaa kwa ndugu, mwombe aongeze jina lako kwenye mkataba wa pango. Fungua akaunti ya benki kwa anwani mpya. Texas inakupa siku 90 kubadilisha leseni ya udereva na siku 30 kusajili gari, lakini wewe usingoje zifike. Tafuta kazi inayotoa hati ya mshahara, na hati ya kwanza kabisa uitunze kama cheti cha kuzaliwa.

Kazi ndiyo iliyonibeba. Texas mkataba wa pango peke yake hautoshi. Wanataka kitu kinachoonyesha umeweka makazi: ajira ya kweli, nyumba uliyonunua, biashara, au ndoa na mtu ambaye tayari ni mkazi. Ajira wanayoikubali ni kama ya wastani wa saa 20 kwa wiki au zaidi. Na ile miezi 12 inahesabiwa kurudi nyuma kutoka tarehe rasmi ya kuhesabu wanafunzi, ambayo kwa muhula mrefu (wa Agosti au wa Januari) ni siku ya 12 ya masomo. Hesabu kwa tarehe hiyo, usihesabu kwa makisio.

Sasa hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni. Unapochukua leseni utaulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Kadi ya mpiga kura ni mojawapo ya ushahidi wa ukazi unaotajwa sana, na utashauriwa uwe nayo. Kama una grini kadi tu, JIBU HAPANA. Kura ni ya raia. Kujiandikisha kwa kudai uraia usio nao kunaweza kukunyima uraia baadaye na hata kukurudisha nyumbani. Mzee mmoja wa msikitini alinionya kabla sijafika kwenye kile kidirisha, na namwombea dua mpaka leo.

Majimbo hayafanani. California wanataka mwaka na siku moja, na ukiwa kijana ambaye wazazi wako wako jimbo jingine, watachunguza kwa undani nani anakulisha. Colorado mwaka wako hauwezi kuanza kabla hujafikisha miaka 22, isipokuwa umeoa, umeolewa au unajitegemea kisheria. Missouri ni rahisi zaidi: unaweza kuanza masomo kwa ada ya mgeni, ukae miezi 12, uingize angalau dola 2,000 za kazi humo humo jimboni, kisha uombe kubadilishiwa, mradi wazazi walio nje wasikuandike kwenye kodi yao kama mtegemezi. Hilo la kodi lizungumzeni nyumbani mapema, maana baba akikuandika New Jersey, Texas nayo itakuona mtu wa New Jersey.

Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi, ile F-1, kwa kawaida njia hii haimhusu hata akae miaka minne. Na Texas, sheria ya 2001 iliyowasaidia vijana wasio na makaratasi kulipa ada ya wakazi ilizuiwa na mahakama Juni 2025, hivyo usitegemee ushauri wa zamani.

Pia, kabla hujafunga mizigo, uliza kama kuhama kunahitajika kweli. Majimbo ya magharibi yana mpango wa shahada ya kwanza uitwao WUE (Western Undergraduate Exchange): mwanafunzi wa jimbo moja akikubaliwa na chuo kinachoshiriki mpango huo katika jimbo jingine, halipi zaidi ya asilimia 150 ya ada ya wakazi. Minnesota na Wisconsin nazo zina makubaliano yao ya kupunguziana ada.

Mdogo wangu anahamia kwangu Juni. Nimeshaongea na meneja wa nyumba: tukitoka uwanja wa ndege tunapitia ofisini kwake kwanza, jina la mdogo wangu liingie kwenye mkataba siku hiyo hiyo, ndipo twende tukale.