Stika haijaisha muda, lakini mizani imehama?

SWALI: Mizani yangu ya kidijitali (kilo 30, hatua ya gramu 10) ilihakikiwa na Wakala wa Vipimo nikiwa Dar es Salaam. Sasa nauza mchele Mbeya, na wateja wawili wamerudi wakidai kilo hazitimii. Nitajuaje kama bado inapima sawa?
Muuza mchele, Mbeya

JIBU: Stika ya uhakiki inaonyesha mizani ilikuwa sawa siku ile tu. Tuanze na safari. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mvutano wa dunia huko ni mdogo kidogo. Mizani iliyosoma kilo 20 kamili Dar itasoma pungufu kwa gramu chache Mbeya. Lakini mizani inayosoma pungufu humzidishia mteja, kwa hiyo malalamiko hayo yametoka kwingine. Angalia kwanza kama unatoa uzito wa mfuko, na kama skrini husoma sifuri kabla hujaweka mzigo. Kisha omba mizani ihakikiwe upya hapo ilipo.

Siku hiyohiyo ya uhakiki, anza daftari. Kujua kama mizani inahama, yaani usomaji wake unabadilika taratibu, hakuhitaji jiwe la gharama. Kunahitaji kitu kisichobadilika. Mfuko wa mchele haufai, maana unakauka. Tafuta kipande cha chuma cha kilo 20 hivi, kipake rangi kisishike kutu, ukipime na kuandika uzito wake.

Kila Jumatatu kabla ya kufungua, washa mizani nusu saa, zima feni, hakikisha povu la pimamaji liko katikati. Weka chuma katikati ya sahani, soma, ondoa, mara tano. Andika zote tano, hata ile inayokukera.

Sasa soma daftari. Zile tano zikitofautiana zaidi ya hatua moja, mizani haitulii: mara nyingi ni betri dhaifu, au punje za mchele zimekwama chini ya sahani. Zikifanana, lakini wiki hadi wiki zinapanda 20.04, 20.05, 20.06, hapo ndipo mizani inahama. Sababu inaweza kuwa unyevu ulioingia kwenye kihisi cha uzito. Pima na chuma kidogo cha kilo 5 ulichokipima pia siku ya uhakiki: kikizidi kiasi kilekile, tatizo ni sifuri, kikizidi kidogo tu au kikibaki palepale, ni kihisi au urekebishaji wake.

Kwa kanuni za OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, mizani ya aina yako ikibeba kilo 20 inaruhusiwa kukosea gramu 10 siku ya uhakiki, na gramu 20 ikiwa kazini. Ikionekana imehama gramu 10 kutoka namba ya siku ya uhakiki kwa wiki mbili mfululizo, ita fundi mwenye leseni. Ikifika 20, acha kuuzia. Usivunje lakiri ukairekebisha mwenyewe: mizani itahitaji kuhakikiwa upya, na namba zote za daftari hazitalinganishika tena.