Kichekesho cha Kifaransa cha vyumba vya kulala: jengeni milango mapema, na msiikate sehemu ya kwanza

Ndugu, umeuliza kama kikundi cha watu wanaoigiza jioni baada ya kazi kinaweza kumudu kichekesho cha Kifaransa, kile chenye waume, wake, vitanda na milango isiyokwisha, na kama kinaweza, waanzie wapi. Kinaweza. Nimeigiza michezo hii na nimeiongoza, na naipenda sana. Ukiniuliza siri yake, nitakwambia ni hofu ya kuumbuka. Kitanda kipo kwa ajili ya hofu hiyo.

Chukua La Puce à l'oreille ya Georges Feydeau, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Paris mwaka 1907. Raymonde anaanza kumshuku mumewe Chandebise, mkurugenzi wa kampuni ya bima, kwa sababu mikanda ya kushikilia suruali yake imeletwa kwa posta kutoka hoteli yenye sifa mbaya. Anamwomba shoga yake Lucienne aandike barua ya mapenzi isiyo na jina, ya kumwita mumewe kwenye hoteli hiyo, wamtege. Chandebise anaamini barua hiyo ilikusudiwa rafiki yake Tournel, anaionyesha huku na kule, mpaka inafika mbele ya mume wa Lucienne, Mhispania mwenye wivu wa kuua, ambaye anautambua mwandiko wa mkewe. Bado hakuna aliyefumaniwa, hata hotelini hatujafika, lakini kila mmoja keshakuwa na kitu cha kupoteza: ndoa, heshima, au roho yake.

Ndiyo maana nasema msiikate sehemu ya kwanza. Vikundi vingi huiona ndefu, vikapunguza maelezo ili vifike haraka kwenye chumba cha hoteli. Wakifika huko, watu wanakimbizana na watazamaji hawajui nani anamkimbia nani wala kwa nini. Vicheko vya sehemu ya pili vinapandwa katika ile ya kwanza. Ichezeni kwa utulivu, kila habari isikike mara moja na vizuri, hasa ile barua. Mwigizaji akiivuruga barua, jioni nzima inaharibika.

Sasa milango. Iwepo ukumbini mapema iwezekanavyo, milango halisi yenye fremu na bawaba, hata kama kuta hazijapakwa rangi. Utepe wa kuonyesha mlango sakafuni hautoshi, maana mwigizaji anayepita kwenye mlango wa kuwaziwa hajifunzi muda ambao mkono unautumia kushika kitasa, kufungua, kupita na kufunga. Katika mchezo wa aina hii muda huo ndio kila kitu: mmoja anatoka kushoto wakati huohuo mwingine anaingia kulia, na mkichelewa kidogo tu wanaonana kabla ya wakati. Mlango ufungukie nje ya jukwaa ili usimzibe anayeingia. Badala ya kitasa kinachong'ang'ania, wekeni kishikio cha sumaku. Fremu ishikiliwe kwa mihimili na mifuko ya mchanga, kwa sababu ukuta wa plaiwudi unaotikisika kila mlango unapobamizwa unawakumbusha watu kwamba hakuna hoteli hapo.

Nyuma ya kuta nako kuna mchezo wa pili, na huo nao una mazoezi yake. Watu wanakimbia gizani wakiwa na nguo za kulalia na trei mikononi. Msimamizi wa jukwaa achore njia ya kila mtu na aamue nani anampisha nani. Meza ya vifaa igawanywe kwa mistari, kila barua na kila bastola ya bandia na mahali pake. Katika mchezo huu mwigizaji mmoja anakuwa Chandebise na pia Poche, mtumishi wa hoteli anayefanana naye kama pacha. Anahitaji mtu wa kumvisha kila upande, nguo zenye velkro, ule utepe unaojishika, badala ya vifungo, na mazoezi ya kubadili nguo tu, bila kusema maneno ya mchezo. Kitanda kinachozunguka pamoja na ukuta na kumleta mzee mwenye baridi yabisi kutoka chumba cha pili kinaweza kufanywa kwa jukwaa dogo la magurudumu linalosukumwa na watu wawili. Kama hilo nalo ni gumu kwenu, kuna Boeing-Boeing ya Marc Camoletti, ya mwaka 1960: watu sita, sebule moja, na milango mingi.

Uigizaji wenyewe, na hapa nina msimamo mkali: asiwepo mtu jukwaani anayejua kwamba anachekesha. Kukodoa macho na kuwakonyeza watazamaji kunaua hofu, na hofu ikifa kinachobaki ni kelele. Kasi nayo isichanganywe na kusema upesi. Mtu aliyebanwa anawaza upesi, na maneno yake yanasikika wazi kwa sababu anataka kuaminiwa. Nilikuwa nawataka waigizaji wangu wacheze tukio lote kama tanzia, yaani mchezo wa huzuni, bila kubadili neno. Wakirudi kwenye mwendo wa kawaida, uso umeshashika ukweli.

Camille, mpwa wa Chandebise, ana kasoro ya kaakaa na hatamki konsonanti. Asifanywe kinyago. Yeye anasema jambo la maana kabisa na wenzake hawana subira ya kumsikiliza. Watazamaji wacheke pupa yao. Na mambo ya kugusana, kukumbatiana kitandani na mateke ya mwenye hoteli yapangwe hatua kwa hatua, wahusika wakubaliane waziwazi, na yafanywe vilevile kila usiku.

Kuhusu ruhusa: Feydeau alifariki mwaka 1921, kwa hiyo maandishi yake ya Kifaransa yako huru katika nchi nyingi, lakini tafsiri mpya zina wenyewe. Camoletti alifariki mwaka 2003 na kazi zake bado zinalindwa. Ombeni kibali kabla ya kugawa nafasi.

Kabla ya usiku wa kwanza, karibisheni watu wasioujua mchezo waje kwenye mazoezi ya mwisho. Kicheko kinaongeza muda, na waigizaji ambao hawajawahi kukisikia huendelea kusema watu wakiwa bado wanacheka, maneno yakapotea. Wafundisheni kusubiri huku wakiendelea kuhangaika ndani ya tukio, kutafuta kiatu au kukiegemea kitasa, kisha kuingiza mstari unaofuata pale kicheko kinapoanza kushuka, kabla hakijaisha.