Wanafunzi 36 kwenye faili moja la slaidi

Swali: Nafundisha biolojia sekondari. Niliwafungulia wanafunzi 36 faili moja la Google Slides waandike kwa makundi kuhusu mmeng'enyo wa chakula. Dakika kumi hazikupita, slaidi za wengine zimefutwa, maelekezo yangu yamesogezwa, na sijui nani kafanya nini. Nirudi kwenye karatasi?

Jibu: Usirudi, mwalimu. Programu yenyewe haikuzidiwa, maana inaruhusu watu hadi 100 kuhariri faili moja kwa wakati mmoja.

Kwanza, kazi iliyofutwa haijapotea. Fungua menyu ya Faili, kisha Historia ya matoleo. Ila usikimbilie kurejesha toleo la zamani, kwa sababu faili zima litarudi nyuma pamoja na kazi ya wasio na kosa. Tengeneza nakala ya toleo hilo, uchukue slaidi iliyofutwa tu na kuibandika mahali pake. Historia hiyo huonyesha pia nani alibadilisha nini, mradi kila mmoja ameingia kwa akaunti yake. Ukitoa kiungo cha "yeyote anaweza kuhariri", wasioingia huonekana bila majina. Washirikishe kwa anwani zao za barua pepe.

Maelekezo yaandike kwenye mpangilio wa slaidi, ndani ya kijenzi cha mandhari (Theme builder), yaani pale unapopanga sura ya slaidi zote. Mwanafunzi akiwa anahariri kawaida, hawezi kuyashika wala kuyasogeza.

Lakini hayo ni ya ufundi tu. Kinachonihangaisha zaidi ni kazi uliyowapa. Ukiwaambia "andikeni kuhusu mmeng'enyo", mmoja ataandika na watatu watachezea rangi. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Elliot Aronson alibuni mbinu ya kugawana vipande kwa ajili ya madarasa ya Austin, Texas: kila mwanafunzi hushika sehemu ambayo wenzake hawana, kwa hiyo wanamhitaji. Slaidi zinafaa sana kwa mbinu hii. Unda makundi tisa ya watu wanne. A achukue mdomo, B tumbo, C kongosho, D utumbo mwembamba, kila mmoja na slaidi yake yenye jina lake. Ziite 3A, 3B na kuendelea, yaani kundi la 3, sehemu A, kisha B. Usitegemee namba za programu, kwani slaidi moja ikiongezwa zote zinasogea.

Slaidi ya tano ni ya kundi zima: "Fuatilieni wanga kutoka mdomoni hadi kwenye damu." Hapa hakuna anayeweza kutegea. Wa mdomo ataeleza kimeng'enya cha mate kinavyoanza kuvunja wanga. Wa tumbo atalazimika kusema kwamba asidi inakizima. Kisha watamgeukia wa kongosho awaambie kazi inaendeleaje, na wa utumbo mwembamba aonyeshe glukosi inavyofyonzwa. Mabishano yakizuka hapo, yaache. Nimeona darasa langu likijifunza zaidi katika ubishi wa slaidi hiyo kuliko katika zile nne za mwanzo.

Wakimaliza, badilisha ruhusa zao kutoka wahariri kuwa watoa maoni, kila kundi lisome slaidi ya tano ya kundi jirani na kuacha swali moja. Hawataweza tena kufuta kazi ya mtu.