"Dada, mwezi wako umenila elfu sitini"

Ujumbe ulikuwa huo tu, bila salamu, na chini yake picha ya tuta tupu. Aliyeutuma ni msomaji wangu wa Mbagala, mtu wa siku nyingi hapa. Januari alipanda karoti mwezi ukiwa unapungua, kama nilivyoelekeza: mazao ya chini ya udongo yasubiri mwezi upungue, ya majani na matunda yapandwe mwezi unapokua. Mbegu, samadi, kibarua wa kulima, jumla elfu sitini. Siku ya kumi na nane hajaona hata jani.

Nilikasirika, sitaficha. Nikaandika jibu refu la kumhoji kama alimwagilia, nikalifuta. Nikaandika la pili, fupi, lenye kejeli, nalo nikalifuta. Kilichoniuma si maneno yake. Ni kwamba yale maelekezo ya mwaka 2024 nilishaacha kuyaamini, na sikurudi kuwaambia.

Basi leo nasema.

Naishi Kibada, Kigamboni, kazi yangu iko mjini Dar, navuka na pantoni. Ukivuka kila siku bahari unaijua hata kama hujazaliwa pwani. Siku za bamvua maji yanajaa kwelikweli, na yakitoka yanatoka mbali, mashua zinabaki zimelala ubavu kwenye mchanga. Siku za maji mafu hayapandi sana wala hayashuki sana. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Hilo wavuvi wa Feri hawahitaji kusoma popote.

Halafu kuna bibi yangu, mtu wa Rufiji. Hakugusa mbegu kabla ya kuuliza, "Leo mwezi ngapi?" Hakuwa akiulizia Januari wala Februari. Alitaka kujua ni siku ya ngapi tangu mwezi uandame: mwezi mosi, mwezi tano, mwezi kumi na nne. Boriti zake zilikatwa kwenye giza la mwezi, maana za mwezi mpevu, alisema, ni chakula cha dumuzi, yule mdudu atoboaye miti.

Mimi nikaunganisha ya bibi na ya pantoni. Kitu kinachoinua bahari yote hii kitashindwaje na punje ya mchicha? Hoja tamu sana. Nilishaila mwenyewe, nikawalisha na ninyi.

Na ilinijibu mara ya kwanza! Vuli ya 2023 nilipanda matuta manne ya mchicha, mwezi tatu, jioni. Asubuhi ya siku ya nne nilichuchumaa pale kabla ya kwenda kazini, nikaona vijishina vyekundu, vyembamba kama uzi wa cherehani, kila kimoja na majani mawili, vingine vimebeba punje ya mchanga kichwani. Nilichelewa pantoni mbili. Wiki nne baadaye genge la mtaani kwetu lilikuwa linauza mchicha wangu, na mama mwenye genge akawa ananiita "mtaalamu". Nikalizoea jina.

Nilichosahau kuwaambia ni kwamba vuli ile ndiyo ya El Niño. Mvua ilinyesha mpaka tukaichoka. Mwaka ule hata mwiko ungeota.

Vuli iliyofuata ndiyo iliyonivua nguo. Mvua ya kwanza ilishuka mwezi kumi na sita. Kwa sheria zangu mchicha ulipaswa kungoja mwandamo mwingine, wiki mbili nzima. Jirani yangu, ambaye angani haangalii kabisa, alipanda kesho yake. Mimi nikangoja. Mwezi ukaandama vizuri tu, mwembamba, mzuri, na mvua ikawa imekata. Nikapanda hivyo hivyo kwa ukaidi, nikamwagilia maji ya kisima changu, na kisima changu kama vingi vya huku kina chumvi. Iliyoota ilikuwa michache, ncha za majani zimeungua rangi ya kahawia. Nikaita boza la maji, hela ikaenda. Siku moja jioni mtoto wa jirani akagonga geti na fungu kubwa la mchicha: "Mama amesema mpokee." Nilipokea, nikashukuru, nikaupika na nazi. Ulikuwa mtamu. Mpaka leo nikiukumbuka natamani kumrudishia fungu lake.

Baada ya hapo nikaamua kupima. Miezi mitatu mfululizo, matuta mawili, mbegu za pakiti moja, samadi ya kuku iliyokaa na kuiva, keni za maji zilezile. Tuta moja mwezi tatu, jingine mwezi kumi na nane. Yote yaliota siku ya nne au ya tano. Mara moja la mwezi kumi na nane lilitangulia, na wiki hiyo ilikuwa ya mawingu. Mara nyingine nusu ya mbegu zilibebwa na sisimizi, na sisimizi hawakuuliza mwezi ngapi.

Bahari hujaa na kupwa kwa sababu ni kubwa mno, sehemu iliyoelekea mwezi inavutwa zaidi kuliko iliyo mbali. Ndoo ya maji haina upande wa mbali. Iweke uani siku ya bamvua uone kama itafurika. Na mbalamwezi, kwa uzuri wake wote, jua limeizidi mara 400,000 hivi. Wanaoishi kwa mwezi kweli ni wavuvi wa dagaa: wanavua kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti dagaa sawasawa, kwa hiyo wengi hulaza vyombo. Pale mwezi una kazi. Kwenye tuta langu sijauona ukifanya kazi yoyote.

Lipo na jambo jingine nililowapoteza. Nilikuwa natumia programu ya simu iliyotengenezwa Ulaya. Ilinifundisha kuwa mwezi unaokua hupinda upande huu na unaopungua upande ule. Kwa wenzetu kule, sawa. Huku kwetu karibu na ikweta mwezi mchanga hulala chali kama mtumbwi, na mwezi mkuukuu nao hulala hivyohivyo, utabaki umekodoa macho. Ukiuona magharibi baada ya jua kuzama, unakua. Ukiuona mashariki kabla ya kucha, unaisha. Au angalia kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, kumi na nne na kumi na tano ndiyo mpevu.

Utaniuliza, kuangalia kwa nini tena kama haufanyi kitu? Kwa sababu mimi bado naufuata. Mwezi una siku 29 na nusu, na mchicha unataka wiki tatu hadi nne tangu kupanda mpaka kuvuna. Kila mwandamo napanda tuta jipya, na nyumbani kwangu mchicha haukatiki. Kabla ya hapo nilikuwa napanda matuta yote siku moja, tunakula mpaka tunachoka, kisha mwezi mzima tunanunua. Lakini ukitaka ukuambie msimu hautaweza. Mwaka wa mwezi una siku 354, ndiyo maana Ramadhani inatangulia kila mwaka, leo kiangazi, kesho masika. Ukifika mwezi wa nne wa Kiislamu huwezi kujua kama kuna mvua.

Sasa karoti. Ndugu yangu wa Mbagala, karoti ni mtoto wa baridi, ndiyo maana zinastawi Lushoto. Januari ya Dar mchanga wa saa nane mchana hauukanyagi pekupeku, na mbegu ya karoti hukaa wiki moja mpaka tatu kabla ya kutokeza, na muda wote huo udongo wa juu haupaswi kukauka hata siku moja. Ukiitaka karoti hapa, ngoja Juni. Nunua mbegu mpya, za zamani haziamki. Usizifukie zaidi ya sentimita moja. Funika tuta kwa gunia la katani lililoloweshwa, limwagilie asubuhi na jioni, na siku ukiona kijani cha kwanza liondoe, usingoje.

Na ninyi wengine mnaoniandikia "tarehe gani nzuri ya kupanda nyanya", naomba tusemezane kidogo. Mnauliza tarehe kwa sababu tarehe haichoshi. Kubeba keni ishirini kabla ya kwenda kazini kunachosha. Kugeuza jani moja moja kutafuta kantangaze, yule mdudu anayeharibu nyanya, kunachosha. Onjeni maji ya kisima kabla ya kununua mbegu. Ivisheni samadi. Mwagilieni. Mvua ikishuka pandeni. Mwagilieni. Najua nimerudia.

Elfu sitini ya watu siwezi kuirudisha. Nimempelekea pakiti mbili za mchicha kwa bodaboda, na kumwambia achanganye mbegu na mchanga mkavu zisirundikane. Jana jibu likaja, safari hii na salamu: "Dada, asante. Nipande lini?"

Nikamwambia kesho asubuhi.

"Kesho mwezi ngapi?"

Nikaangalia ukutani. Kumi na tisa.