Kwa Anayepewa Hadithi ya Upelelezi Aigeuze Kipindi cha Televisheni

Kijana anapojiunga nasi kwenye uandishi wa skripti na kukabidhiwa hadithi ya upelelezi, swali lake la kwanza huwa: nibakize kitabu kwa kiasi gani? Nami nilianza na swali hilo hilo, nikalijibu vibaya. Skripti yangu ya kwanza ilibeba mazungumzo ya kitabuni neno kwa neno. Waigizaji walipokaa mezani kuisoma, hata nusu hatujafika kila mmoja alikwishamjua mwizi. Maneno yote yalikuwa ya mwandishi, lakini siri yake nilikuwa nimeimwaga.

Tangu hapo nawaambia wanaoanza: katika upelelezi, cha kulindwa kuliko vyote ni mpangilio wa nani anajua nini, na anakijua lini.

Mwalimu mzuri wa jambo hili ni mpelelezi Sherlock Holmes wa Granada, kampuni ya televisheni ya Manchester, aliyeigizwa na Jeremy Brett katika vipindi 41 kati ya 1984 na 1994. Soma kwanza hadithi ya Arthur Conan Doyle, mwandishi aliyemtunga Holmes, ndipo utazame kipindi chake. Anza na "The Red-Headed League" ya 1891. Jabez Wilson, mwenye duka la rehani na nywele nyekundu, analipwa pauni nne kwa wiki kunakili kamusi elezo, ili tu awe nje ya duka lake kila siku. Holmes anafika dukani, anagonga lami kwa fimbo, kisha anamuuliza msaidizi wa duka njia. Watson, rafiki yake anayetusimulia hadithi, anadhani Holmes alitaka kumwona yule msaidizi. Holmes anamjibu kwamba alichotaka kuona ni magoti ya suruali yake. Basi, anaishia hapo. Tunaambiwa tazama magoti, hatuambiwi yana nini, na maana yake (msaidizi yule anachimba handaki kuelekea benki) inakuja mwishoni. Hebu fikiria kamera ikiyasogelea magoti yale yenye udongo mapema mno. Hadithi imekwisha.

Kwa hiyo kabla ya kuandika onyesho lolote, chora safu mbili kwenye karatasi: upande mmoja anachokiona Watson, upande wa pili anachokielewa Holmes. Kamera yako ikae upande wa Watson.

Ukishazilinda safu hizo, una uhuru mkubwa kuliko unavyodhani. Granada walimweka Profesa Moriarty nyuma ya wizi wa benki ile, ingawa kwenye hadithi hayupo kabisa. Kitabuni Moriarty anazuka ghafla katika "The Final Problem", na papo hapo tunatakiwa tuamini kuwa ndiye adui mkubwa kuliko wote. Kwa msomaji wa gazeti wa 1893 hilo lilipita. Mtazamaji angehisi amerushiwa mtu asiyemjua. Nalihesabu badiliko hilo kuwa uaminifu. Vivyo hivyo kumwacha Watson bila mke: Doyle alimwoza Mary Morstan, Granada wakambakiza Baker Street, nyumbani kwa Holmes, kwa sababu nyumba ile bila wawili hao inapoa.

Na Watson huyo, tafadhali, mheshimuni. Ni daktari, amepigana Afghanistan. Filamu za zamani zilimfanya bwege ili Holmes ang'ae. David Burke, na baada yake Edward Hardwicke, walimrudishia akili yake. Mtazamaji anaona kwa macho ya Watson. Ukimfanya Watson mjinga, umemtukana mtazamaji.

Pale Granada walipoteleza, kwa maoni yangu, ni 1993, walipoichukua hadithi fupi ya "The Sussex Vampire" na kuivuta iwe na urefu wa filamu. Dalili za hadithi ile ni chache, hivyo nafasi iliyobaki ikajazwa watu na matukio mapya, na fumbo lenyewe likazama humo. Nanyi mtaombwa hivyo. Mtayarishaji akikuambia hadithi ya kurasa ishirini ijaze saa mbili, usibishane naye kwa maneno. Mwekee mezani ile karatasi yenye safu mbili, ahesabu mwenyewe dalili ziko ngapi, kabla hujaandika onyesho la kwanza.